Yaya Hakumuunguza Kaka Yenu

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Wewe mkubwa funga mlango. Na wewe kitindamimba keti hapa ubavuni mwangu uupumzishe mgongo, mimba ya miezi mitano si mchezo.

Mnajua mlitanguliwa na kaka, tuliyemwita Pamba. Mliambiwa yaya alimuunguza kwa maji ya moto. Mliambiwa na mimi, na leo nayakanusha kwa mdomo huuhuu.

Nilitoka kiwandani, vumbi la nyuzi bado kichwani, nikamkuta yaya kando ya beseni analia, mtoto yumo kwenye taulo, ngozi ya miguu imebambuka kama ganda la nyanya iliyochemshwa. "Mama, haki ya Mungu, maji yalikuwa vuguvugu, nimempangusa tu!" Sikumsikiliza. Nilimpiga kwa mwiko mpaka ukavunjika, nikamtupa nje majirani wakiona. Alikuwa na miaka kumi na saba. Mtaa mzima hakuna aliyemwajiri tena.

Wiki mbili baadaye Pamba akabambuka ngozi ya mgongoni, mikononi mwangu mwenyewe, nikimcheulisha. Daktari wa ngozi akatuketisha mimi na baba yenu, akapishanisha vidole vya mikono yake miwili. "Ngozi ya juu na ya chini hushikizwa na protini zinazoshikana hivi," akasema, kisha akavinyoosha, mikono ikaachana. "Mtoto wenu protini moja haikuundika sawasawa, ndiyo maana ukimgusa tu tabaka la juu linateleza. Hakuna aliyemchoma. Kasoro hiyo ameirithi kwenu nyote wawili."

Baba yenu akanitazama, nami nikamtazama, na hakuna aliyemtaja yaya. Miezi minane nilimfunga mwanangu bandeji, nikambeba juu ya mto, maana kumkumbatia kulikuwa kumchuna. Siku tuliyomzika majirani walimlaani yule binti, nami nikaitikia.

Sasa anashona viraka nyuma ya soko, mvi zimemjaa. Nimempita mara nyingi nikigeuza uso.

Mkubwa, nyumba hii ni yenu wawili, msigombane. Cherehani yangu ni ya yule yaya, umpelekee. Lakini usitangulize cherehani, tanguliza maneno, tena mbele ya wateja wake: mama alikusingizia, akajua, akanyamaza. Akitukana, pokea. Akikataa, usimbembeleze anisamehe.

Na wewe, binti yangu, mkapimwe damu, wewe na mumeo, huenda umeibeba kasoro ile. Mtoto akizaliwa na malengelenge, asinyooshewe mtu kidole nyumbani kwako. Nilipaswa kukuambia kabla hujaolewa. Niliona aibu, mwanangu.

Maji... hapana, acha, hayapiti. Mungu awatunze. Awape... awape ulimi mwepesi kuliko wangu.

Mkubwa, mbona bado umesimama? Usingoje nife. Nenda sasa, mlete, aje anitukane nikisikia. Kimbia, baba. Mwambie... mwambie bado nahema.