Unga wa Mawe wa Mama Tarsisi

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Serafina, mama yake Tarsisi, aliyezikwa Jumanne katika kijiji kimoja karibu na Ushirombo. Wengi mlimfahamu kwa jina la Mama Unga wa Mawe. Jina hilo alibandikwa kwa kejeli. Na waliombandika ndio hao hao waliolia kwa sauti kubwa kuliko wote msibani. Machozi yao yalikauka mara tu chakula kilipopakuliwa.

Serafina alifiwa na mumewe, Onesmo, mwaka 1974. Onesmo aliporomokewa na shimo la dhahabu. Alimwachia mkewe watoto wanne na kinu cha chuma cha kupondea mawe. Mwaka huo huo watu wakahamishiwa kijiji kipya, naye Serafina akagawiwa shamba lililochoshwa na pamba. Mahindi yake ya kwanza yalimfika magotini, yakageuka njano, yakafa.

Hapo akaja Januari, kaka wa marehemu. Akaketi, akajikohoza kama mtu mwenye busara.

"Shemeji, shamba hili lisipowalisha, watoto nitawachukua. Watachunga ng'ombe wangu."

Huruma gani hiyo! Ng'ombe walikuwa wengi, na Januari hakutaka kulipa mchungaji. Lishikeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Shamba lisipozaa, watoto wanakwenda.

Sasa, Serafina alikuwa ameona jambo barabarani. Mahali palipokuwa pakisagwa kokoto, vumbi la lile jiwe jeusi lilikuwa likitua kando ya njia, na mchicha pori uliota hapo ukiwa na majani mapana ajabu. Akajiambia, kama mchicha unakula jiwe, mahindi yatashindwa nini? Akasomba mawe meusi kichwani. Akayaponda kwenye kinu cha marehemu mpaka yakawa unga. Akaumwaga shambani pamoja na samadi.

Msimu wa kwanza, hola. Januari akacheka mpaka akashika mbavu. "Bhebhe! Wewe! Tangu lini mawe yakawa mbolea?"

"Subiri, shemeji," Serafina akamjibu. "Jiwe halina haraka kama wewe."

Januari akampa msimu mmoja zaidi. Msimu wa pili akapata kidogo, watoto wakabaki nyumbani kwa tabu. Msimu wa tatu mahindi yakasimama kijani kibichi, mazito, yakampita kimo.

Basi sikilizeni akili za wanaume wa machimbo. Kwetu huku, mtu akiponda jiwe anatafuta dhahabu. Hakuna sababu nyingine duniani. Sasa mwanamke aponde jiwe, halafu unga aumwage chini? Wakakaa kilabuni, wakalijadili juu ya pombe, wakapata jibu: Serafina amegundua mwamba wenye dhahabu, na anauficha shambani kwake. Hata mmoja hakwenda kumwuliza. Bingwa wao alikuwa Marselino, aliyejigamba kwamba yeye dhahabu huinusa tu.

Wakaja Jumapili, Serafina akiwa kanisani. Januari alitangulia na jembe. Wakang'oa mahindi yaliyokuwa yakitoa ndevu. Wakakwangua udongo wote wa juu, wakausomba hadi kijitoni, wakauosha kwa makarai mpaka jua likazama. Walipata matope. Wanaume wazima, wake zao nyumbani hawana hata unga wa jioni, wanaosha shamba la mjane!

Binti yake, Justina, ametusimulia: "Mama alirudi na kitenge chake cha kanisani. Alisimama, akatazama. Akasema, 'Watu hawa wameniibia udongo.' Halafu akaanza kuwatukana, mmoja mmoja, kwa jina."

Matusi yenyewe Justina amenipa. Mazuri sana, lakini redio hairuhusu.

Januari akaona njia nyeupe. Akatangaza kwamba mavuno yakiisha atawafuata watoto. Lakini yale matope yalikuwa bado yamelundikana kando ya kijito, wasikilizaji wapendwa. Ni udongo wa Serafina, samadi yake na unga wake wa mawe, na safari hii maji yako jirani. Akapanda viazi vitamu juu ya lundo hilo.

Januari alipofika, alimkuta shemeji yake ameanika michembe juu ya mwamba, viazi vilivyokatwa vipande, vimejaa mwamba mzima. Watoto wanatafuna.

"Wachukue, shemeji," Serafina akasema. "Ila nionyeshe kwanza yupi amekonda."

Januari hakumwona aliyekonda. Aliondoka peke yake, na kikapu cha viazi alichopewa hakukikataa. Watoto walibaki. Wote wanne walikulia pale, na mama yao aliendelea kuponda mawe mpaka shamba likarudi.

Jumanne alizikwa katika shamba hilo. Kaburi likiwa linachimbwa, niliona mzee mmoja mwenye mvi anainama. Anachota udongo. Anauelekeza juani, anauchungulia. Marselino! Miaka yote hiyo, bado!

Tarsisi naye alimwona. Akamsogelea kwa adabu. "Shikamoo, mzee. Ukimaliza kuuangalia, naomba uurudishe. Mama atauhitaji."

Poleni sana, Tarsisi, Justina na wadogo zenu. Mungu ampumzishe mama yenu kwa amani. Na wewe unayesikiliza, jiulize leo unamcheka jirani gani ambaye hujamwuliza hata swali moja.

Nawe Marselino, kama redio yako ina betri: udongo uliurudisha, nilikuona. Nilikuona pia ukikitazama kiganja chako, kama kuna kilichobaki.