Kiti Kirefu cha Bibi wa Mlangoni

Mgeni rasmi, ambaye sisi tumezoea kukuita Bibi wa Mlangoni. Mchungaji, mlezi wetu. Mama wa jikoni: shikamooni.

KARIBU
Sisi watoto wa kituo cha kanisa tunakukaribisha kwa mikono miwili. Utuwie radhi kwa zile fujo za getini. Nyimbo tulizifanyia mazoezi, ila uliposhuka garini tulizisahau, tukakukimbilia. Picha yako iko juu ya mlango wa chumba cha kulia, nasi huiamkia kabla ya kuingia kula. Leo umetushika mkono, na mkono wako una joto! Mpaka sasa wengine hawajanawa.

HISTORIA
Tumekua tukiiinulia shingo picha hiyo, basi tukajua wewe ni mrefu kumpita Mchungaji. Ndiyo maana miguu yako inaning'inia kwenye kiti tulichokutengenezea. Mama wa jikoni alituonya tuulize kwanza kimo chako. Tukambishia kwamba mtu anayelisha watoto wote hawa hawezi kuwa mfupi.

MAFANIKIO
Kiti hicho amekitengeneza mkubwa wetu, katika karakana uliyotujengea. Tunamwita Dada Randa kwa kuwa randa ya kulainishia mbao haimtoki mkononi. Aliletwa hapa akiwa amembeba mdogo wake mgongoni. Leo hata mbao ngumu inamtii. Huyo mdogo, Kisauti, ndiye aliyepiga msasa, kwa hiyo ukikwaruzwa upande wa kushoto, msamehe.

CHANGAMOTO
Utaratibu wa kituo ni kwamba anayetimiza miaka kumi na minane huaga. Hatuulaumu, maana nafasi ni chache na wadogo wengine wanasubiri. Dada Randa anaaga kesho. Kisauti anabaki, na hawana nyumba nyingine ya kukutania. Tangu aambiwe, Kisauti analala na randa chini ya mto. Anasema fundi hawezi kusafiri bila randa yake. Sisi tunamsikia akilia, tunajifanya tumelala.

MAOMBI
Mchungaji ametuusia tusikuombe kitu, mgeni si duka. Tumetii.

Ila kiti kinatutia aibu. Tunaomba ruhusa tu, Dada Randa akipunguze miguu. Tulimuuliza Dada Randa kazi hiyo itachukua muda gani. Alimtazama mdogo wake kwanza, ndipo akajibu:

"Ikifanywa vizuri, mpaka huyu amalize shule."

Mungu akupe uzima, Bibi, akurudishe kwetu, na siku hiyo miguu yako iguse sakafu.

Ni sisi wajukuu zako,
Watoto wa Chini ya Picha.