Fundi Polepole na Sauti ya Kiti cha Mama

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na sita ya kazi, Fundi Mkuu wa karakana yetu ya samani za urithi anastaafu. Jina lake halisi limo kwenye cheti. Sisi tumezoea kumwita Polepole. Mteja mmoja alileta meza akiwa mchumba, akaja kuichukua akiwa na mapacha. Hakulalamika, maana meza ilirudi na alama zote za kisu cha marehemu baba yake.

Alianza kwa kupiga msasa viti vya ofisi. Mwaka wa tatu akahamia chumba cha nyuma, ambako mwanga wa asubuhi huelea ndani ya vumbi la mbao, na hakutoka tena. Kabla ya kushika randa, humketisha mwenye mali asimulie: nani alinunua, nani aliugua juu yake, nani alijificha chini yake. Yote huyaandika daftarini.

Miaka saba iliyopita, mwalimu mmoja alileta kiti cha kubembea cha mama yake. Mama huyo alikuwa amesahau karibu kila kitu, hata sura ya mwalimu huyo, binti yake, lakini akikaa kwenye kiti kile alitulia. Miguu ya kiti ilikuwa imelegea, na mwalimu alihofia mama ataanguka. Polepole alibadilisha vigingi, akatia gundi, kiti kikawa imara kama kipya.

Baada ya siku mbili mwalimu akarudi, macho mekundu. Mama amekataa kukikalia. Alichosema ni hiki tu: "Hiki hakiongei."

Baadhi yetu tulicheka. Polepole hakucheka. Alikiri kwamba yeye, msikilizaji wa wote, hakuuliza kiti kilikuwa kikitoa sauti gani.

Wiki mbili alibembea juu yake, macho kayafumba, nasi tukipita kwa kunyata. Alifungua viungo, akarudisha vigingi vya zamani alivyovihifadhi kwenye bahasha, akaviwekea ukanda wa chuma kwa ndani ili miguu isilegee, akaacha nafasi nyembamba kama ukucha ili viungo vilie. Mwalimu alikuja kila jioni kumsahihisha: kwii fupi, kisha kwaa ndefu.

Tulikipeleka nyumbani kwao mimi na yeye. Mama akaketi, kiti kikalia: kwii, kwaa. Alibembea muda mrefu, pazia likipanda na kushuka pamoja naye. Kisha akamtazama binti yake.

"Umeshatoka shule, mwanangu? Umekula?"

Mwalimu, mtu wa miaka hamsini na mbili, alipiga magoti, akalaza kichwa mapajani pa mama. "Bado, mama," akajibu. Sisi tulitoka bila kuaga.

Kesho yake mama alikuwa amesahau tena. Lakini kiti hakukikataa hadi mwisho wa maisha yake.

Polepole anatuachia mafundi tisa aliowafunza na madaftari arobaini na moja, kwa mwandiko ambao ni yeye na mkewe tu wanaoweza kuusoma. Shemeji ameahidi kuja kutusomea kila Jumanne. Ametudokeza pia kwamba mlango wa kabati la jikoni kwao umelegea tangu walipooana.

Fundi, asante kwa kutufundisha kusikiliza mbao na wenye mbao. Tunakuombea afya, usingizi mtamu wa mchana, na wajukuu wa kukusumbua. Ukipita mtaani, ingia. Chai ipo.