Jani la Kunusa

Sikio halilali njaa, na la kinyozi ndiyo kabisa. Alijifanya anasinzia ndani ya basi, nyuma ya binti wa maabara aliyekuwa akimsimulia mama mmoja kwa furaha hadi dereva akageuka.

"Panya tuliowapa dawa ya majani haya, mama, kifafa kikiwashika hakidumu! Na seli za ubongo zinabaki nzima! Shika hili, linuse!"

Mama alilinusa kama anavyonuswa mtoto aliyetoka kuogeshwa. "Kitindamimba wangu ana kifafa. Niongezee mawili nikamchemshie."

Binti aliufunga mfuko wake haraka. "Hapana, mama yangu! Kipimo cha binadamu bado hatukijui, kikizidi ni sumu. Asiache vidonge vyake."

"Kwa hiyo panya wapone kwanza, mwanangu angoje zamu?"

Kinyozi, ambaye kazini kwake ana jibu la kila kitu, alifumbua jicho moja.

Basi lilisimama. "Mungu akijalia tukafaulu, vigelegele vyetu utavisikia hadi kwako!" binti alipaza sauti. Mama alishuka akimpungia mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umefumbwa, na ncha ya kijani ilichungulia kati ya vidole.

Kinyozi akafungua mdomo. Dereva akafunga mlango.