Mgongo au Bonde: Maisha ya Elkana Mirumbe

Wapendwa waombolezaji, mimi Gisiri, mdogo wake marehemu, naanza na fumbo aliloniachia na ambalo sijalifumbua: boma hili la baba yetu hapa Ntimaru, ambamo tumeketi, ni mgongo wa ardhi au ni bonde? Elkana alikuwa na mifano miwili ya kidijitali ya eneo hili, yaani ramani za kompyuta zenye kimo cha kila kipande cha ardhi, na vimo vyake havikupishana hata kufika goti la mtu, lakini mmoja uliona mgongo na mwingine ukaona bonde.

Alizaliwa humu tarehe 9 Aprili 1972, kifungua mimba wa mzee Mirumbe na mama Rispa, akasoma msingi hapa Ntimaru, akamaliza sekondari Migori mwaka 1990, akasomea upimaji Nairobi, na mwaka 1996 akaanza kazi Homa Bay, ambako alilinganisha mifano ya namna hiyo kwa miaka mingi, akishikilia kwamba kutoa namba za mfano mmoja katika namba za mwingine hakutoshi, sharti tuulize kama kilima cha huku ni kilima kule pia. Mama alimtania kwamba ng'ombe hulala pakavu bila kompyuta, naye alicheka mpaka miwani ikadondoka.

Tarehe 11 Desemba 1999 alimwoa Roselyn, binti wa Mbita, wakajaliwa Celestine na Frankline, na ukungu ulipokifunika kisiwa cha Rusinga aliwauliza wanawe kama kisiwa si kilima ambacho mabonde yake yamejaa maji.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023, akatuaga tarehe 3 Juni 2025 huko Homa Bay, mkono wake ukiwa mkononi mwa Roselyn. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mbita na Ntimaru waliotuletea kuni na maji, na wenzake wa kazini waliomsindikiza hadi hapa.

Aliomba alazwe kando ya kaburi la baba, lakini Roselyn aliogopa, na hofu yake ilikuwa ya haki, kwamba kama hapa ni bonde mvua itamfuata kaburini. Jana Celestine, mpimaji kama babake, alimwaga ndoo ya maji mahali hapo, tukatazama yatakwenda wapi, nayo yakasimama kidogo kama yanayowaza, yakanywewa na udongo. Ukoo ukaamua alazwe alipotaka, na mfereji uzunguke kaburi lote, kwa kuwa hatujui upande wa juu ni upi. Celestine akavuta kamba ya kupimia mfereji, mimi na Frankline tukachimba asubuhi hii.

Kaka, mgongoni au bondeni, pumzika kwa amani, mahali pakavu.