Barua Niliyosema Imeungua

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nanyi mliokaa benchi ya nyuma, asifiwe na kwenu, maana leo nina neno lenu.

Mimi ni Yakobo, fundi cherehani, mtu wa Uvira. Wakati wa uasi kule Kongo nilivuka mpaka na mke wangu, kichwa cha cherehani mgongoni, tukapata chumba hapa Kamenge. Kanisa letu kule liliteketea. Wakimbizi tulikuwa wengi, na desturi mnaijua: mgeni asiye na barua ya mchungaji wake, wala mtu wa kumshuhudia, hukaa benchi ya nyuma, na siku ya Meza ya Bwana mkate unampita.

Nilipoulizwa barua, nikasema imeungua. Kanisa liliungua kweli, lakini barua sikuwahi kuwa nayo. Kule nyumbani nilikuwa nimetengwa kwa ulevi, tena ulevi wa hadharani. Hata mbuzi wa mtaa walikuwa wakinipisha njia. Mzee wa kanisa aliyenitenga alikuja kunisihi nitubu, nikamtukana mbele ya wanawe.

Hapa hakuna aliyejua. Pombe nilikuwa nimeiacha njiani, basi baada ya miezi kadhaa ya kunitazama pale nyuma wakanipokea, wakanipa na kwaya niiongoze. Lakini ule mkate, ndugu zangu, kila mara ulinikwama kooni.

Jumapili moja akaingia Mzee Elisha, yule yule niliyemtukana. Alikuwa amekonda, miguu imevimba kwa kutembea. Barua yake iliungua kweli. Mchungaji akauliza, "Nani anamujua huyu muzee?"

Nilikuwa mbele na kwaya. Nikisema namjua, watamuuliza yeye ananijuaje mimi. Nikainamia kitabu cha nyimbo. Mzee aliniona, wala hakunitaja. Akaenda kukaa nyuma.

Wiki ile suruali moja niliishona na kuifumua mara tatu. Mke wangu akaniambia, "We Yakobo, Jumapili ni Meza. Utamuacha muzee kule nyuma juu ya haya yako?" Niliona haya, na niliogopa sana.

Jumapili ikafika. Kabla ya wimbo wa kwanza nikasimama. Nikasema, "Mi namujua huyu muzee. Ni yeye alinitenga kule Uvira, na alikuwa na haki. Barua yangu haikuungua. Sikuwa nayo."

Nikaweka kitabu chini, nikatembea mwenyewe mpaka benchi ya nyuma. Mchungaji akasema ushuhuda kama huo unafaa kuliko karatasi, akamwita Mzee aje mbele mezani.

Mzee Elisha akajibu, "Apana, muchungaji. Nitangojea huyu mutoto wangu."

Akasogea, nikakaa. Mkate ukatupita sote wawili, na siku ile koo langu likafunguka, nikalia mpaka wimbo wa mwisho. Tulikaa pale miezi mitatu, bega kwa bega, hadi siku tuliyoitwa mezani pamoja.

Namshukuru Mungu aliyenitoa katika uongo wangu kwa mkono wa mtu niliyemkosea. Ndugu yangu, kama uko mbele leo na moyo wako unajua mahali pako ni nyuma, usiogope. Mtumaini Yesu, uje. Leo baada ya wimbo nitakuwa kwenye benchi ile, nami nitasogea.