Dama Anakabidhi Funguo, Bawabu Anaingia Kazini

Dama anastaafu Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya miaka ishirini na mbili ya kazi hapa Mwamba Mweupe, na asubuhi ya siku iyo hiyo, kabla hajakabidhi funguo za ofisi, programu aliyoitengeneza mwenyewe inatolewa kwa dunia nzima. Nimeanza na hilo kwa sababu nimekaa nalo kifuani muda mrefu na lilikuwa linataka kutoka.

Sasa salamu. Shikamooni wakubwa zangu wa jikoni, wa bustani na wa mapokezi. Wadogo, marahaba, hata kama hamjaniamkia. Mimi ni Mbodze. Wengi wenu mnanikumbuka kule dobi, nilikofua na kupiga pasi mashuka ya hoteli hii mpaka nami nikastaafu. Austine, mwenyekiti wa kamati yetu ya ustawi, ndiye aliyeniomba niandike wasifu huu. Aliniambia, "Mama, vijana wa kompyuta wameleta mistari minne, na mitatu ni nambari tupu." Nikamjibu kuwa amebisha hodi mlango unaofaa. Dama ni mwanangu wa kwanza, tumefanya kazi chini ya paa moja, na kumsifu sikuanza leo.

Dama Tsuma aliajiriwa mwaka 2003 kupokea simu pale mapokezi. Alikuja na cheti cha sekondari, tabasamu la babake na viatu vyangu mimi. Hoteli wakati huo ilikuwa na kompyuta mbili, na moja ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma isipate vumbi, wala hakuna aliyethubutu kuigusa. Dama aliifunua. Kabla mwaka haujaisha, kila kitu chenye waya kikikataa kufanya kazi aliitwa yeye. Alisoma Ukunda siku zake za mapumziko, akapata stashahada, akahamishiwa idara ya kompyuta, na mwisho akawa ndiye mkuu wake.

Wa zamani mtakumbuka kisa cha tumbili. Nyaya za mtandao zilipita juu ya mapaa ya makuti, na tumbili wa Diani walizing'oa karibu kila wiki. Fundi alikuwa akija kutoka Mombasa, anafunga, anaondoka, tumbili wanafungua. Siku moja Dama alikuja dobi akaniuliza mabomba yetu ya maji yanapita wapi. Nikamwonyesha mfereji. Akazipitisha nyaya zote humo chini, akafunika. Tumbili walikaa juu ya paa siku nzima wakitafuta mchezo wao, na nadhani wako wanaoutafuta mpaka leo.

Lakini kazi yake kubwa ni hii inayotoka Ijumaa, na naomba mnivumilie niieleze nilivyoelezwa. Ukiingia kwenye mtandao wa hoteli, simu inakuuliza jina na neno la siri. Hayo unayoyaandika yanapelekwa kwa mashine moja inayowajua watu wote: huyu ni wetu, huyu si wetu, huyu aishie jikoni, huyu aruhusiwe hadi uhasibu. Mashine hiyo ndiyo seva ya uthibitishaji. Yetu ya zamani ilikuwa ng'ambo, nchi ya watu. Mtakumbuka siku ya harusi ile ya wageni mia nne, laini ya intaneti ilipokatika. Mashine ya ng'ambo haikufikika, na hapa kila mtu akawa mgeni. Wapishi hawakuweza kufungua oda zao, mapokezi hawakujua nani yuko chumba gani, na bibi harusi alikula wali mkavu.

Dama alirudi nyumbani Kombani jioni ile, akavua viatu, akasema, "Mama, mashine ya kutujua sisi lazima ikae hapa kwetu."

Akaanza kuiandika. Imemchukua miaka minne ya siku za mapumziko, pale barazani kwangu, mimi nikichambua mchicha na yeye akigonga kompyuta. Akaipa jina Bawabu. Na hakutaka kuiuza. Msimbo wake wote, yale maandishi yanayoiendesha, uko wazi: shule, zahanati au hoteli yoyote duniani iuchukue, iusome, iurekebishe, impe jirani, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Kuna watu wa nchi ambazo siwezi kuzitamka wanaomsaidia, na hajapata kuonana nao hata mmoja.

Maelekezo ya kutumia yako kwa Kiswahili pia. Hayo niliyasoma mimi, niliyeishia darasa la sita, ukurasa kwa ukurasa. Nilipokwama, Dama aliandika upya. Nilikwama mara nyingi, kwa hiyo yako wazi sana.

Toleo la kwanza lilikuwa litoke Januari. Likaahirishwa. Likawa la Aprili, likaahirishwa tena. Kisha Dama akaomba kustaafu mapema ili aishughulikie Bawabu peke yake, barua ikakubaliwa, na meneja akamruhusu kuijaribu kwenye mtandao wa nyumba za wafanyakazi, wenye simu kama mia tatu, mpaka siku yake ya mwisho kazini. Baada ya hapo hana mahali pengine penye simu nyingi namna hiyo, na seva ambayo haijajaribiwa na umati hakuna anayeiamini. Aliniambia, "Nikitoka pale kabla haijatoka, nitakuwa mtu aliyewahi kujaribu." Sikupenda sauti aliyoisemea.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Alitaka pia kuijaribu mahali pasipo na mtaalamu, akachagua ukumbi wa kikundi chetu cha ushonaji, Kombani. Akafunga kisanduku cha mtandao ukutani, akatupa sisi wanawake wote kila mmoja jina lake na neno lake la siri. Wiki ya pili akaja na kompyuta mkononi na uso wa maswali. Bawabu ilikuwa inamwambia kwamba Mbodze mmoja yuko ndani kwa simu thelathini kwa wakati mmoja, anasikiliza mawaidha, anatazama mpira, na anasoma uhandisi.

"Mama, neno lako la siri umempa nani?"

Nilimpa Mwanapili, jirani yangu, mjukuu wake apeleke maombi ya chuo. Mwanapili akampa wifi yake. Wifi yake ana moyo mzuri. Na si mimi tu, wanakikundi wote walikuwa wamefanya vivyo hivyo. Mtu amefika mlangoni kwako, simu mkononi, shikamoo amekupa, wewe utamwambia hapana? Nilimwambia Dama na nawaambia nyinyi: ningempa tena.

Shem, msaidizi wake ofisini, kijana wa Kisumu aliyehamia Ukunda, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Dawa ni rahisi, Dama. Jina moja, simu moja. Wafungie." Wakafunga. Siku ya pili nilifika ukumbini nikakuta jina langu limeshaingia na simu ya mjukuu wa Mwanapili, mimi mwenyewe Bawabu inaniambia nisubiri. Mwenyekiti wetu, Mapenzi, alikuja na wageni wawili kutoka Waa, wakakataliwa mbele ya macho yake. Aling'oa kile kisanduku ukutani, akakitia kwenye gunia la mkaa, akakileta kwangu na kumwekea Dama miguuni.

"Chukua bawabu wako, mwanangu. Hapa hatujazoea kumrudisha mgeni."

Ilikuwa imebaki miezi miwili tu. Shem alitaka itoke ilivyo. Alisema, "Hii tuitoe tu. Hao akina mama sio dunia nzima. Mambo ya wageni tuweke toleo la pili." Wale wenzake wa ng'ambo nao walikubaliana na Shem. Dama aliwasikiliza wote, akakifuta kisanduku masizi ya mkaa, na akasema mambo mawili: tarehe haibadiliki, na haitoki ikiwa imemshinda Mapenzi. Nilimzaa mimi, naijua ile taya. Ikishakaza hivyo, hata chakula unaweka mezani unaondoka.

Aliliona jambo ambalo sote tulikuwa ndani yake. Kwetu mgeni hafiki kama mgeni tu, anafika akiwa mgeni wa fulani. Akivunja kikombe, anaulizwa mwenyeji wake. Basi ndivyo Bawabu inavyofanya sasa. Simu ngeni ikiomba kuingia, inaulizwa, wewe ni mgeni wa nani? Inaandika jina la mwenyeji. Mwenyeji anaulizwa kwa simu yake, anakubali, na mgeni anaingia kwa jina la mgeni mwenyewe mpaka jioni. Neno la siri halitoki kifuani mwa mtu, na hakuna anayenyimwa. Mgeni akiharibu, mwenyeji anajulikana.

Kusema ni rahisi. Kulifanya ilibidi abomoe sehemu aliyoiandika mwaka mzima. Alichukua likizo yake yote iliyobaki. Shem, nimsifu naye, alipoona hajibiwi tena aliacha kubisha, akawa anapanda boda kutoka Ukunda kila alipomaliza zamu, anakaa upande wa pili wa baraza anatafuta makosa. Akipata kosa anashangilia, na Dama anamwambia, "Haya, baba, usishangilie nyumba ikiungua, leta maji." Palikuwa na kosa moja lililowakataa: wenyeji wawili wakikubali kwa pamoja, seva nzima inalala. Walilitafuta wiki nzima. Likagunduliwa na bwana mmoja wa mbali huko aliyeandika mistari miwili tu na kumalizia na salamu kwa mama yake Dama. Nilimrudishia.

Mwisho wa Septemba Dama alikwenda mwenyewe kwa Mapenzi, akamwamkia, akaomba kisanduku kirudi ukutani. Mapenzi akamwambia, "Safari hii kikinifungia mgeni mmoja, nakifugia kuku." Mpaka leo hakijafunga hata mmoja. Mapenzi sasa anakubali wageni kwa kidole kimoja huku anashona, na anatembea nacho kidole hicho kama hakimu.

Na wiki iliyopita, katika nyumba za wafanyakazi, Dama aliung'oa waya wa intaneti ya nje kwa makusudi, mchana kweupe. Simu zote mia tatu zilibaki ndani. Wapishi waliokuwa mle waliendelea kusoma oda zao kwenye simu. Sina shaka yule bibi harusi, popote alipo, alihisi kitu. Kilichobaki ni kubonyeza, Ijumaa asubuhi, kisha kukabidhi funguo.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, kamati inamshukuru Dama kwa miaka aliyotuwashia mitandao, kwa vijana aliowafundisha bila kuwapandishia sauti, na kwa kutokuchoka. Meneja naye anashukuru, ameniambia mwenyewe. Mwanangu, nenda na afya, nenda na macho yako mazuri, na Mungu akupe siku za kukaa barazani bila kompyuta pia, japo chache. Mafungu ya mchicha nitakusubiri nayo.

Tena nijisifu kidogo kabla sijamaliza. Katika maelekezo ya Bawabu, pale panapofundishwa namna ya kuingia kama mgeni, jina la mwenyeji lililowekwa kama mfano ni Mbodze. Watu wa kila nchi wakijifunza, wataanza kwangu.

Kwa hiyo njooni nyumbani kwangu Kombani tumuage. Pilau ipo, mtandao wa Bawabu upo, na mahamri nakanda mimi. Neno la siri simpi mtu tena, msiniombe. Simu zenu zikiwauliza nyinyi ni wageni wa nani, andikeni jina langu, nitakuwa nimekaa pale mlangoni na simu yangu nawakubali mmoja mmoja, wote, Jumamosi tarehe mosi Novemba, saa nne asubuhi.